Nyenzo Haba na Ubunifu: Historia ya Kazi na Mbinu za Utengenezaji wa Filamu za Video Jijini Dar es Salaam, 1994–2018

1.0 Utangulizi

Filamu za video za Kiswahili zinazotengenezwa Dar es Salaam, ambazo umma huziita Bongo movie, zimekuwa zikipimwa kwa kipimo kimoja tangu ziliposhamiri mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wahakiki wa magazeti, watazamaji na hata baadhi ya wasanii wenyewe wamezilaumu kwa matukio ya sebuleni yasiyokwisha, mazungumzo marefu, sauti inayopanda na kushuka, muziki unaofunika maneno, na hadithi moja kukatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili. Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba zinaichukulia kila dosari kuwa ni kosa la mtu asiyejua kazi yake, na kwa hiyo swali la kihistoria hubaki bila kuulizwa: kazi hiyo ilifanywa na nani, kwa vifaa gani, katika muda gani, na mavuno yake yalikwenda wapi?

Makala hii inatoa hoja mbili. Kwanza, mbinu nyingi za kisanaa zinazozitambulisha filamu hizi ziliibuka kutokana na mpangilio wa kazi wa vikundi vidogo vyenye mtaji mdogo. Zilikuwa majibu ya matatizo ya kila siku kabla hazijawa mtindo. Pili, utaratibu wa kuuza masta, yaani kumkabidhi msambazaji nakala mama pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja, uliathiri umbo la filamu na vilevile uliamua hatima ya kumbukumbu zake. Tafiti zilizotangulia zimeweka msingi wa mjadala huu. Mhando na Kipeja (2010) walichunguza mnyororo wa thamani wa filamu nchini Tanzania, na mkusanyiko uliohaririwa na Krings na Reuster-Jahn (2014) uliangalia uzalishaji na upokezi wa sanaa pendwa jijini Dar es Salaam. Kinachofanywa hapa ni kuyatazama mambo hayo kutoka upande wa kazi yenyewe.

2.0 Chimbuko la Mafundi

Baada ya uhuru, filamu nchini Tanzania ilikuwa shughuli ya dola. Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC) iliundwa mwaka 1968, na kazi kama *Fimbo ya Mnyonge* ya miaka ya 1970 zilibeba ujumbe wa ujamaa na maendeleo vijijini. Filamu ya seluloidi ilidai fedha nyingi: ukanda wenyewe ulikuwa ghali, ulihitaji kusafishwa maabara, na kila kosa la mwigizaji liliteketeza mali. Kwa hiyo aliyetaka kutengeneza filamu hakuwa na budi kupita katika taasisi. Uchumi ulipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, taasisi hizo zilidhoofika, na wakati huohuo kamera na deki za video zikaanza kuingia nchini kupitia mikono ya wafanyabiashara na wasafiri. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Mafundi wa filamu za video hawakutoka katika TFC. Walitoka katika shule tatu ambazo hakuna aliyeziita shule. Ya kwanza ni maigizo ya majukwaani. Vikundi vya utamaduni kama Muungano na Tanzania One Theatre (TOT) vilichanganya ngoma, taarabu, sarakasi na maigizo katika onyesho moja kwenye kumbi za baa na viwanja vya burudani. Waigizaji wake walizoea kupewa kisa badala ya maandishi, na kukijaza maneno papo hapo kwa kusikiliza hadhira inavyoitika. Televisheni ilipokuja, utaratibu huo ulihamia studio. Kundi la Kaole lililoonekana ITV liliwalea wengi waliokuja kuwa nyota wa filamu, akiwemo Steven Kanumba. Michezo ya kila wiki iliwafunza jambo moja muhimu, nalo ni kazi ya haraka: kisa cha wiki hii kilipaswa kuwa tayari wiki hii.

Shule ya pili ni video za sherehe. Harusi, sendofu na kitchen party ziliwapa wapiga picha wa mijini kipato cha uhakika zaidi kuliko filamu yoyote. Mpiga picha wa harusi hujifunza kufanya kazi peke yake, kwa kamera moja, katika mwanga asioupanga, na bila nafasi ya kurudia, kwa kuwa bwana harusi hamvishi pete bibi harusi mara mbili kwa ajili ya kamera. Mhariri wake hujifunza kuunganisha picha kwa muziki, kupamba mwanzo kwa maandishi yanayoruka, na kuificha sauti mbovu chini ya wimbo. Mtu akizitazama filamu za miaka ya mwanzo akiwa na video ya harusi mkononi, ataona kuwa ni mikono ileile.

Shule ya tatu ni vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza. Humo watu wa kipato kidogo waliketi kwenye mabenchi kutazama filamu za Hong Kong, India, Marekani na, kuanzia miaka ya 2000, Nigeria. Humo pia ndimo ilimostawi kazi ya watafsiri wa filamu, ambao Lufufu ndiye aliyejulikana zaidi. Mtafsiri hakutafsiri maneno tu: alieleza, alitania, alionya, na aliuhamishia mtaani mji wa kigeni. Watengenezaji wa filamu walijifunza humo kwamba mtazamaji wa Kiswahili hutaka kusikia kisa kikielezwa, na kwamba hadithi ya mbali huweza kuvaa kanga ikawa ya nyumbani.

3.0 Siku ya Kazi

Kikundi cha kawaida cha utengenezaji kilikuwa na watu wachache waliogawana kazi nyingi. Mwenye wazo ndiye mara nyingi aliyekuwa mtayarishaji, mwongozaji na mwigizaji mkuu kwa pamoja. Kanumba na Vincent Kigosi, anayejulikana kama Ray, walifanya hivyo katika kazi zao nyingi. Kampuni ya RJ, iliyobeba herufi za mwanzo za Ray na Johari, inaonyesha hatua iliyofuata: waigizaji waliopata jina waliligeuza jina hilo kuwa mtaji na kuanzisha kampuni zao. Ni muhimu pia kwamba mmoja wa wenye kampuni hiyo, Blandina Chagula (Johari), alikuwa mwanamke, katika sekta ambayo kamera, uhariri na usambazaji vilibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanaume.

Gharama iliyotisha zaidi ilikuwa siku. Kamera ilikodiwa kwa siku, taa zilikodiwa kwa siku, na waigizaji walilishwa kwa siku. Kila siku iliyoongezeka ilikula sehemu ya fedha ambayo msambazaji alikuwa ameahidi na ambayo isingeongezeka hata filamu ingekuwa bora mara mbili. Hapo ndipo penye kiini cha mfumo mzima. Pale ambapo malipo yamefungwa kabla ya kazi kuanza, faida haitokani na ubora wala na wingi wa watazamaji. Hutokana na kufupisha kazi. Mtayarishaji mwadilifu na yule mzembe walisukumwa upande uleule.

Kwa hiyo vikundi vilitegemea uchumi wa kuazimana. Nyumba iliazimwa kwa jamaa au rafiki, gari kwa shabiki, mavazi yalitoka kabatini kwa mwigizaji mwenyewe. Chipukizi wengi walifanya kazi bila ujira, au kwa nauli na chakula, kwa matumaini ya kuonekana. Utaratibu huu una sura mbili ambazo mwanahistoria hana budi kuzishika zote. Ulikuwa ushirika wa kweli, uliowezesha kazi ambayo benki zisingeikopesha. Ulikuwa pia njia ya kuhamishia gharama za uzalishaji kwa wasio na sauti: chipukizi, jirani mwenye nyumba, na mshonaji wa mavazi aliyelipwa kwa ahadi.

Upande wa sheria, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilidai kibali cha kutengeneza filamu na ukaguzi kabla ya kuonyeshwa. Sheria hiyo ilitungwa wakati filamu ilikuwa shughuli ya taasisi chache. Ilipokutana na vikundi vingi vinavyorekodi uani kwa kamera ndogo, wengi walifanya kazi kwanza na kuifikiria karatasi baadaye.

4.0 Mbinu Zilizozaliwa na Mazingira

4.1 Sebule

Sebule ndiyo jukwaa kuu la filamu hizi. Makochi makubwa, pazia zito, televisheni na ngazi ya ghorofa hujirudia katika filamu baada ya filamu. Maelezo ya kawaida ni tamaa ya anasa, na maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi, kwa kuwa mtazamaji wa uswahilini alinunua pia fursa ya kuingia nyumba ya Mbezi. Lakini sebule ilikuwa pia studio. Ndani yake mwanga hudhibitiwa, wapita njia hawaiangalii kamera, adhana na pikipiki husikika kwa mbali, na matukio ya siku nzima hurekodiwa bila kuhamisha vifaa. Nyumba moja iliyoazimwa iligawanywa: chumba hiki ofisi ya bosi, kile wodi ya hospitali, ua ukawa baa. Hadithi zikaandikwa kufuata nyumba. Migogoro ya ndoa, urithi, wifi na mavyaa, mtumishi wa ndani na mwenye mali, yote ni visa vinavyoweza kusimuliwa bila kutoka getini.

4.2 Maneno badala ya muswada

Filamu nyingi zilianza na muhtasari wa matukio. Mwongozaji alieleza mwanzo, kiini na mwisho wa tukio, na waigizaji wakaongea. Mbinu hii ya majukwaani iliokoa siku za mazoezi na kuipa lugha uhai wa mtaani: misemo, mafumbo, kejeli na matusi yaliyopimwa. Waigizaji kama Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, walionyesha upeo wake katika vichekesho, ambamo uso na kituo kimoja cha sauti vilifanya kazi ya kurasa kadhaa. Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo yasiyoandikwa hayajui pa kuishia. Palipohitajika sentensi tatu, zilitoka kumi, na mhariri aliyetakiwa kujaza muda wa diski hakuwa na sababu ya kuzikata.

4.3 Kamera, diski na uso

Teknolojia iliacha alama ambazo mara nyingi zimehesabiwa kuwa hiari ya msanii. Kanda ya MiniDV ilibeba dakika 60 kwa kasi ya kawaida, na kuiingiza katika kompyuta kulichukua dakika zilezile 60. Saa moja ya picha hizo ilidai takriban gigabaiti 13 za hifadhi, mzigo mkubwa kwa kompyuta za wakati huo. Kila pigo la ziada lilikuwa gharama kwa mhariri, na mwongozaji mwenye busara alirekodi kile tu alichokihitaji. Bidhaa ya mwisho nayo ilikuwa na mipaka yake. VCD ilitoa picha yenye nukta 352 kwa 288 na ilibeba takriban dakika 74 hadi 80. Katika picha hafifu kiasi hicho, ikitazamwa kwenye televisheni ndogo katika chumba chenye watu wengi, mandhari pana hupotea na uso hubaki. Picha za karibu zinazokaa muda mrefu juu ya macho yenye machozi zilikuwa chaguo la kisanaa lililolingana na chombo kilichozipokea. Vivyo hivyo, desturi ya kuuza sehemu ya kwanza na ya pili kwa kava tofauti ilikuwa hila ya biashara, lakini ilipewa nguvu na diski isiyoweza kubeba saa mbili.

Kamera za picha mnato zenye uwezo wa kurekodi video, kama Canon 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008, zilibadilisha mizania hiyo. Lenzi zake ziliweza kuutenga uso na mandhari ya nyuma, na filamu ikapata mwonekano uliohusishwa na sinema kubwa. Lakini uwezo wake wa kunasa sauti ulikuwa hafifu, hivyo sauti ikabidi inaswe kwa chombo cha pembeni, na mtu wa sauti, aliyekuwa akiachwa kwanza bajeti inapobana, akawa wa lazima. Kifaa kimoja kiliifanya picha kuwa rahisi na papo hapo kikaongeza kazi.

4.4 Majini na kompyuta

Ubunifu haukuishia katika kubana matumizi. Filamu za kutisha za Mussa Banzi, kama *Nsyuka* na *Shumileta*, zilichukua imani za mizimu na majini zilizokuwa hai katika masimulizi ya watu na kuzipa umbo la kuonekana kwa hila za uhariri: mtu kutoweka ghafla, kupita ukutani, macho kuwaka. Hila hizo zilikuwa nyepesi kiufundi. Nguvu yake ilitokana na hadhira iliyokuwa tayari inakijua kinachoonyeshwa. Hapa uhaba wa nyenzo ulikutana na utajiri wa simulizi, na mtengenezaji hakulazimika kumshawishi mtazamaji kwamba jini lipo. Alilazimika tu kulionyesha kwa namna iliyokubalika.

4.5 Nigeria kama kioo

Mafanikio ya *Living in Bondage* ya mwaka 1992 yaliwapa Wanigeria njia ya kuuza hadithi moja kwa moja nyumbani kwa watu, na njia hiyo ilionekana Dar es Salaam miaka kumi baadaye. *Girlfriend*, ambayo George Tyson alikuwa mmoja wa waliokuwa nyuma yake, ilitumia wanamuziki wa Bongo Fleva na kuthibitisha kuwa soko lipo. Mwaka 2006, *Dar 2 Lagos* ya mtayarishaji Mtitu Game, iliyoongozwa na Femi Ogedegbe wa Nigeria na kumshirikisha Kanumba, iliufanya uhusiano huo kuwa kisa chenyewe cha filamu. Majina ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ambayo yamechekwa sana kwa makosa yake, yanaeleweka vizuri zaidi katika muktadha huu. Yalikuwa tangazo la nia ya kuvuka mpaka, lililoandikwa na mtu ambaye bajeti yake haikuwa na mfasiri.

5.0 Masta na Soko

Msambazaji alikuwa benki, kiwanda na duka. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Steps Entertainment ilikuwa msambazaji mkuu, na karibu kila mtayarishaji aliyetaka kufika mikoani alipita mlango huo au mingine michache ya Kariakoo. Msambazaji alibeba hatari halisi. Alilipa kabla ya kuuza, alichapisha maelfu ya nakala, na alishindana na maharamia waliochoma diski usiku na kuzikabidhi kwa wamachinga asubuhi. Malipo ya jumla yalikuwa kinga yake dhidi ya hatari hiyo. Kwa mtengenezaji, malipo hayohayo yalimaanisha kwamba filamu ikipendwa, pendo hilo si lake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, ilimpa mtunzi haki, na ilimruhusu pia kuzihamisha. Ulinzi wa sheria ulimfikia msanii baada ya kuwa amekwisha kuuza kile kilichokuwa kinalindwa. Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Stempu iliahidi kutofautisha halali na haramu na kuonyesha idadi ya nakala zilizouzwa, lakini hesabu ya nakala humnufaisha tu mwenye mkataba unaolipa kwa nakala. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji wa filamu za nje zisizolipiwa kodi. Hasira ya siku hiyo ilielekezwa kwa filamu za kigeni, ingawa soko la diski lilikuwa tayari linabomolewa na mambo mengine: simu zenye intaneti, na televisheni za kulipia zilizostawi baada ya Dar es Salaam kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Azam TV na chaneli yake ya Sinema Zetu, pamoja na Maisha Magic Bongo, zikawa wanunuzi wapya. Zilidai ubora wa picha na sauti uliowainua mafundi. Nazo pia, mara nyingi, ziliendelea kununua haki kwa muda au kwa jumla.

Kifo cha Kanumba tarehe 7 Aprili 2012, na maelfu waliofurika Leaders Club kumuaga, kilionyesha ukubwa wa mapenzi ambayo filamu hizi ziliyajenga. Miaka sita baadaye, ugonjwa wa King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, ulifungua mjadala wa kitaifa kuhusu mikataba ya wasanii, na serikali ikaunda kamati ya kuichunguza. Matukio hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Yanapima umbali uliopo kati ya umaarufu na umiliki.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa sebule, maneno yasiyoandikwa, uso wa karibu na sehemu mbili za kisa kimoja vina historia ya kazi nyuma yake. Kusema hivyo si kuzitetea filamu zote. Baadhi ni dhaifu kwa kipimo chochote, na zipo zilizotengenezwa katika hali zilezile zikawa imara. Ni kusema kwamba uhakiki unaohukumu matokeo bila kuuliza masharti ya kazi humlaumu fundi kwa vipimo vya mteja.

Lipo pia jambo la haraka zaidi. Kanda za MiniDV zilirekodiwa upya ili kuokoa fedha, picha ghafi zilifutwa ili kupisha kazi inayofuata, na masta zilibaki kwa wasambazaji ambao baadhi yao wameacha biashara hiyo. Diski zilizosambaa huharibika kwa vumbi, mikwaruzo na unyevu wa pwani, na deki za kuzisoma zinazidi kuadimika. Mara nyingi nakala iliyosalia ni ile iliyopandishwa mtandaoni na mtu asiye na haki nayo, ikiwa imekatwa mwanzo na majina ya mafundi hayamo. Wale waliofanya kazi kwa nauli na matumaini ya kuonekana wanapotea kwa mara ya pili.

Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za kumbukumbu hukusanya magazeti, hotuba na miswada ya mashairi. Filamu za video zinastahili nafasi kando yake, zikiwa na kava zake, mikataba yake pale inapopatikana, na masimulizi ya waliozitengeneza. Wengi wao bado wako hai, na wanaweza kueleza nyumba ilikuwa ya nani, kamera ilikodiwa wapi, na nani alishika taa. Hayo yasipoandikwa sasa, mtafiti wa kesho atabaki na dosari zinazoonekana kwenye kioo, bila njia ya kujua zilitoka wapi.